Mkate wa kumimina kwa makaa ya juu na chini

Katika nyumba za mawe za Lamu, meko yako juu kabisa, mahali paitwapo kidari cha meko, ili moshi na harufu visishuke vyumbani. Huko ndiko mkate wa kumimina ulikopikwa kabla ya oveni na blenda kuingia majumbani, na kwa makaa bado hutoka bora: chini wekundu, juu rangi ya asali, ndani matundu matupu.

Vitu vyake ni vichache. Mchele mweupe glasi 2, nazi 1 kubwa, sukari robo tatu ya glasi, hamira kijiko kidogo 1, iliki punje 8, ute wa yai 1, samli kijiko kikubwa. Pishori uwekee wali. Hapa mchele wa kawaida unatosha. Zamani wengine walichachusha kwa tembo la mnazi badala ya hamira.

Loweka mchele usiku kucha. Ikune nazi, itie maji ya uvuguvugu glasi 1 na robo, ukamue kwa kifumbu, kile kichujio cha ukili, upate tui zito. Maji ya moto yataua hamira, na hapo mkate hauinuki hata ukingoje mpaka magharibi.

Chuja mchele, usage na iliki, sukari, hamira na tui. Tui usilimimine lote kwa pamoja. Sukari ikiyeyuka hulegeza rojo, kwa hiyo bakisha robo glasi uongeze mwisho ukiona haja. Asiye na blenda autwange mchele ungali na unyevu, auchekeche, chenga azirudishe kinuni. Chukua rojo kidogo usugue kati ya vidole viwili: ukisikia mchanga, bado. Ukiinua upawa, rojo lishuke kama uzi mnene usiokatika. Likiwa jepesi, mkate utafura kisha ubonyee katikati. Likiwa zito, utakuwa kama tofali.

Funika, acha kama saa 1. Kwenye joto la kaskazi huumuka upesi zaidi, basi angalia povu, si saa. Likijaa vipovu vidogo, limefika. Likishaanza kushuka lenyewe, limepitiliza na mkate utakuwa mchachu. Piga ute wa yai, uchanganye polepole, usilikoroge rojo tena kwa nguvu.

Sasa moto, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tumia sufuria nzito na mfuniko wa chuma wenye ukingo, makaa yasimwagike. Chemsha samli, izungushe mpaka kwenye kuta za sufuria, kisha mimina rojo. Lazima lilie "shaa". Lisipolia, mkate utaganda chini. Punguza moto, funika bila makaa kwa dakika 5 hadi 7, mpaka kingo zishike na matundu yatokeze juu. Ukipalia makaa mapema, uso hukauka kabla mvuke haujatoka, na ndani hubaki ubichi.

Matundu yakishatokeza, toa makaa mengi ya chini, yabaki vipande vitatu vinne tu, na hayo uliyotoa yapange juu ya mfuniko. Yapange pembeni zaidi kuliko katikati, maana katikati huungua kwanza. Moto wa juu uushinde wa chini. Kidarini kuna upepo, nao huyachochea makaa ya upande mmoja: kinga kwa bati, na kila dakika 5 zungusha sufuria robo mzunguko. Usifunue ovyo. Baada ya dakika 15 hivi chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua.

Pitisha kisu pembeni, upindulie kwenye sinia, kisha uugeuze uso uwe juu. Usiukate ukiwa wa moto, utashikamana na kisu na matundu yatalala. Usiufunike pia mpaka upoe, la sivyo mvuke utaulowesha ule uso uliouhangaikia.