Tafuta mtu wa karibu kwa simu bila kumwonyesha mlango wako

Mimi ni fundi simu hapa Busia, upande wa Uganda. Mteja huleta simu ibadilishwe kioo, kisha sauti inashuka: "Fundi, niwekee na ile ya kutafuta watu wa karibu." Naiweka hiyo programu ya kutafuta wachumba, ila simu haitoki kibandani kabla hatujapanga mambo kadhaa.

Kwanza zima VPN, ile programu inayofanya intaneti yako ionekane inatoka nchi nyingine. Wengi tunaiacha ikiwaka tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, na programu inayokisia mahali kwa anwani ya intaneti itakuletea wachumba wa Uholanzi. Kisha washa lokesheni, uiruhusu pale tu unapotumia programu. Android 12 na za baadaye hukuuliza: mahali kamili au makadirio? Chagua makadirio.

Ukiweka umbali wa kilomita 5, wengi watakuwa wa Busia ya Kenya. Si vibaya, ila uliza mapema, maana simu hupima mstari ulionyooka, haihesabu foleni ya malori wala dirisha la uhamiaji.

Kwenye umbali ndipo ninapowachosha watu kwa maneno. Mtu akiusoma umbali wako unaoonyeshwa na programu akiwa sokoni, akausoma tena akiwa stendi, na mara ya tatu mpakani, achore miduara mitatu tu: inapokatana ndipo ulipo. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba Tinder, mojawapo ya programu hizi za wachumba, ilikuwa imetoa umbali kwa usahihi wa kutosha kufanya hivyo. Kasoro ile ikazibwa. Hata hivyo, mimi yangu naifungua kibandani, nyumbani sithubutu. Picha nayo uichungulie: dada mmoja alijipiga mbele ya duka lake, namba ya pesa za simu imeandikwa ukutani nyuma yake. Alipigiwa usiku kucha.

Mkishapeana namba, fanya kama unamtumia shilingi 500. Jina lililosajiliwa hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome, halafu ghairi. "Sharon" wangu alitokea Moses. Huenda laini ni ya kaka yake, laini za kuazima ziko nyingi, muulize tu.

Kutaneni mchana, penye watu, na kila mtu aje na boda yake. Akiomba umtumie nauli kwanza, mwambie utamlipa mwenye boda wakifika. Nimewaambia hivyo wanne. Amefika mmoja.