Nosy Be: rudi kwa saa ya meli, si ya simu

Ukishuka Nosy Be, Madagaska, vaa saa ya mkononi uliyoilinganisha na saa ya meli, na urudi kwa hiyo. Madagaska iko nyuma ya Ushelisheli kwa saa 1. Meli ikitoka Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, bila kubadili saa, simu yako ikishika mtandao wa kisiwani hujirudisha nyuma yenyewe. Uko msitu wa Lokobe, shingo juu unatafuta lemuri, wanyama wa mitini, simu inaonyesha saa 9 alasiri, kumbe melini ni saa 10 na boti ya mwisho inajaa. Ila nahodha akitangaza mabadiliko ya saa usiku, igeuze saa yako ya mkononi palepale. Ukielekea Morisi, ambako saa iko mbele ya Madagaska, ukasahau, utaachwa gatini.