Kusikiliza albamu mpya ya indi roki kwa sikio lililolelewa na benga

Aliyekulia Kisumu, Siaya au Homa Bay tayari ana sikio la gita. Benga imemzoesha kufuata gita la solo linapomjibu mwimbaji na besi inayotembea bila kutulia. Sikio hilohilo linatosha kwa albamu mpya ya indi roki, yaani roki ya bendi zisizotegemea kampuni kubwa za muziki, mradi vifaa visiliponze.

Simu ndiyo adui wa kwanza. Uzi mzito kabisa wa gita la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haifiki huko chini. Tumia vipokea sauti vya waya, hata vya bei nafuu. Matatu ina kasoro ya kinyume: besi imepandishwa mpaka gita la ridhimu linamezwa. Zima ekwalaiza, yaani kirekebishi cha besi na sauti za juu. Kama ni Spotify, zima pia uchanganyaji wa mpangilio wa nyimbo (shuffle), na sekunde za kupishanisha wimbo na wimbo ziwe 0, maana bendi nyingi hupanga kwa makusudi jinsi wimbo mmoja unavyokabidhi mwingine.

Bando nalo lina hesabu yake. Albamu ya dakika 40 kwa ubora wa kbps 320 (kilobiti kwa sekunde) hula takriban MB 96. Kwa kbps 96 ni kama MB 29, lakini matoazi huanza kusikika yamelowa maji. Afadhali kutumia hizo MB. Na usingoje jioni ya masika, kwani mvua juu ya mabati hushinda gita lolote.

Mara ya kwanza pitia albamu nzima bila kusoma mashairi. Hapa wengi hukata tamaa: mwimbaji hasikiki vizuri. Mara nyingi si rekodi mbovu. Sauti imezamishwa makusudi katikati ya magita, iwe ala mojawapo. Kupandisha sauti hakusaidii, kwa sababu magita hupanda nayo.

Mara ya pili fuata besi na ngoma tu. Kisha rudi kwenye magita, na hapo usiwe na haraka. Kwa kawaida huwa mawili au zaidi, moja likielekezwa kushoto na jingine kulia: toa kipokea sauti cha upande mmoja, sikiliza wimbo, halafu badilisha. Gita la benga huwa safi, kila mdono wa uzi unasikika. Gita la roki hupitishwa kwenye kifaa cha kukwaruza kinachosawazisha mdono na mwangwi wake, kwa hiyo sikiliza kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinapobadilika na mahali ukwaruzaji unapoachiliwa ghafla. Kilele pia ni kifupi. Ukingoja magita yatawale dakika kadhaa kama kwenye benga, utadhani wimbo umekatwa.

Anayetaka daraja kati ya benga na roki aanze na Extra Golden, waliochanganya wanamuziki wa roki wa Marekani na wa benga wa Kenya: Ok-Oyot System ya 2006, kisha Hera Ma Nono ya 2007.

Mashairi yasome sasa, ndipo uisikilize albamu iliyotangulia ya bendi ileile. Ukikuta ngoma zimebadilika kabisa, usiseme bendi imechoka kabla ya kuangalia orodha ya waliorekodi. Huenda mpiga ngoma au prodyusa ni mpya.