Jinsi ya kuomba hati kutoka ofisi ya umma nchini Kenya, na mambo yanayofuata barua ikishapokelewa

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari, iliyoanza kutumika tarehe 21 Septemba 2016, inaeleza ni nani anayepokea ombi, ndani ya siku ngapi anapaswa kulijibu, na mwombaji aelekee wapi anaponyimwa. Pamoja na hayo, maombi mengi hukwama kabla sheria yenyewe haijaguswa, kwa sababu barua haikutaja hati inayotakiwa au kwa sababu mwombaji hana ushahidi wowote kwamba barua yake ilifika. Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yanayostahili uangalifu mkubwa kuliko yote, nayo ni maneno ya ombi na tarehe ya kupokelewa kwake.

Kabla ya kuandika, hakikisha kwamba unachokitafuta hakijachapishwa tayari. Sheria inazitaka ofisi za umma zitangaze zenyewe, bila kuombwa, habari kuhusu muundo wao, majukumu ya maafisa wao, viwango vya mishahara kwa daraja na taratibu za kufanya maamuzi, na zinapotia saini mkataba zitangaze kazi inayofanywa, kiasi cha fedha, jina la aliyepewa kazi na muda wa kuikamilisha. Si ofisi zote zinazotimiza wajibu huo, lakini inafaa kupitia tovuti ya ofisi husika, tovuti ya zabuni za umma, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti. Ripoti hizo zina faida nyingine ambayo wengi hawaitumii: hutaja miradi kwa majina, kwa kiasi cha fedha na mara nyingine kwa nambari za mikataba, na nambari kama hiyo ikiwa ndani ya barua yako, afisa hana nafasi ya kudai kwamba hakuelewa ulichoomba.

Barua huandikiwa mkuu wa taasisi, kwa kuwa sheria inamfanya yeye kuwa afisa wa upatikanaji habari, ingawa anaweza kumkabidhi kazi hiyo afisa mwingine aliye chini yake. Katika wizara, mwandikie Katibu wa Wizara. Katika serikali ya kaunti, mwandikie katibu wa kaunti na umpelekee nakala afisa mkuu wa idara inayohusika. Katika shirika la umma, mwandikie mkurugenzi mkuu. Usimwandikie mwanasiasa. Diwani au mbunge anaweza kukusaidia kwa njia nyingine, lakini si yeye anayetunza faili, wala siku za kisheria hazianzi kuhesabiwa kwa barua iliyobaki katika ofisi yake.

Sasa maneno ya ombi. Kosa linaloharibu maombi mengi ni kuuliza maswali badala ya kuomba hati. Chukua mfano wa kisima cha maji ambacho kaunti ilisema kimekamilika katika wadi fulani, ilhali wakazi wanaona mabomba makavu. Mkazi mwenye hasira ataandika, “Tunataka kujua fedha za kisima zilikwenda wapi,” na afisa atamjibu kwa aya mbili za maelezo matamu kwamba mradi ulitekelezwa kwa kufuata taratibu zote. Kwa hesabu ya afisa huyo, ombi limejibiwa. Mkazi anayejua kazi yake ataandika hivi:

“Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu mradi wa kisima uliotajwa hapo juu: mkataba uliotiwa saini kati ya kaunti na mkandarasi pamoja na viambatisho vyake vyote, makadirio ya gharama yaliyoorodhesha kazi na vifaa, vocha zote za malipo yaliyofanywa kwa mkandarasi hadi tarehe ya barua hii, ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji wa kazi, na cheti cha kukamilika kwa kazi. Iwapo mojawapo ya hati hizi haipo katika ofisi yako, naomba nielezwe hivyo kwa maandishi, nikitajiwa hati yenyewe.”

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ofisi iliyolipa mkandarasi bila ripoti ya ukaguzi haitapenda kuandika kwamba ripoti haipo, na jibu la “haipo” lenye sahihi ya afisa huweza kumfaa mwananchi kuliko rundo la karatasi alizotarajia kupewa. Zingatia pia kwamba ombi limewekewa mipaka ya mradi mmoja na kipindi kinachojulikana. Anayeomba “hati zote kuhusu maji tangu ugatuzi uanze” anaipa ofisi kisingizio halali cha kuongeza muda, na pengine anajitwika gharama ya kunakili maelfu ya kurasa ambazo hatazisoma.

Usieleze sababu za kuomba. Sheria inasema wazi kwamba haki ya kupata habari haiathiriwi na sababu anayoitoa mwombaji wala na dhana aliyo nayo afisa kuhusu nia yake. Mtu akikuuliza kwenye kaunta, “Hizi za nini?”, unaweza kumjibu kwa adabu kwamba sheria haikutaki useme. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Mtu asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaruhusiwa kulitoa ombi lake kwa mdomo, na hapo afisa ana wajibu wa kuliandika na kumpa mwombaji nakala. Ofisi inaweza kuwa na fomu yake, nayo inarahisisha kazi, lakini hairuhusiwi kulikataa ombi kwa sababu tu halikuandikwa juu ya fomu hiyo. Onyesha kwamba wewe ni raia, kwa kutaja nambari ya kitambulisho, kwa kuwa haki hii ni ya raia. Kwa vyama na kampuni mambo yamebadilika: mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba kampuni si raia kwa maana ya Kifungu cha 35, ila sheria ya 2016 imepanua tafsiri na kujumuisha taasisi za kibinafsi zinazodhibitiwa na Wakenya.

Peleka barua mwenyewe ukiweza, ukiwa na nakala mbili. Moja inabaki masjala, na ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha unarudi nayo nyumbani. Usikubali kuambiwa, “Iache tu, bosi ataiona.” Karani akisita kugonga mhuri, mwombe aandike jina lake, tarehe na sahihi juu ya nakala yako. Aliye mbali, awe Lodwar au awe anafanya kazi Doha, anaweza kutuma kwa barua pepe rasmi ya ofisi, mradi aombe athibitishiwe kwamba imepokelewa na ahifadhi ujumbe wenyewe pamoja na tarehe yake. Nakala hiyo yenye mhuri ndiyo itakayosimama mahali pako baadaye, kwani muda wa kujibu uliowekwa na sheria unahesabiwa kutoka siku ya kupokelewa.

Ndani ya ofisi, barua hupewa nambari ya kumbukumbu, huingizwa katika rejista ya barua zinazoingia, huwekwa ndani ya faili na kupelekwa kwa mkuu, ambaye huandika pembeni jina la afisa atakayeishughulikia. Mara nyingi afisa huyo hana hati unazozitaka. Mkataba uko kwa watu wa ununuzi, vocha ziko kwa wahasibu, ripoti ya ukaguzi iko kwa mhandisi, na kila mmoja wao anasubiri kuandikiwa kumbukumbu ya ndani. Mwombaji anayepiga simu siku ya saba au ya nane na kuuliza faili iko kwenye dawati la nani, akitaja nambari ya kumbukumbu, humsaidia hata afisa mwenyewe, maana sasa ana sababu ya kuwasukuma wenzake.

Ikiwa hati ziko katika taasisi nyingine ya umma, afisa anaweza kulihamishia ombi huko ndani ya siku 5 tangu alipolipokea, na wewe unapaswa kujulishwa kabla ya siku 7 kwisha. Muda haurudi mwanzo. Taasisi iliyohamishiwa inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21 kutoka siku ombi lilipotolewa kwa mara ya kwanza. Siku hizo 21 ndizo kikomo cha kawaida cha uamuzi, na sheria haikusema kwamba ni siku za kazi. Ombi likigusa uhai au uhuru wa mtu, kwa mfano familia inayotafuta rekodi za ndugu yao aliyezuiliwa, jibu linatakiwa ndani ya saa 48, na jambo hilo liandikwe juu kabisa ya barua ili lisizame kati ya barua nyingine. Afisa anaweza kuongeza muda mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, pale habari ni nyingi mno au kuna watu wanaohitaji kushauriwa.

Kuomba ni bure. Ofisi inaweza kutoza gharama halisi ya kunakili na kukuletea hati, na ukishalipa inapaswa kukupa ndani ya siku mbili za kazi. Ukitaka kuokoa fedha, omba kwanza kuzikagua hati mahali zilipo, kisha unakiliwe zile kurasa unazozihitaji tu. Na kama utalipa chochote, dai risiti.

Kukataliwa kuna sura nyingi. Sheria inaruhusu habari zizuiwe pale kuzitoa kungehatarisha usalama wa taifa, uhai au afya ya mtu, kungeingilia faragha ya mtu bila sababu, kungeharibu maslahi ya kibiashara, kungevuruga kesi inayoendelea au kungevunja siri ya kitaaluma. Afisa hapaswi kusema tu “ni siri”. Anapaswa kutoa sababu na kukueleza jinsi ya kukata rufaa. Zaidi ya hayo, manufaa ya umma yanaweza kuzidi madhara ya kutoa habari, na habari zilizohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa hazina kinga mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo. Kuhusu mikataba yenye kipengele cha usiri, iko kesi inayofaa kutajwa katika barua ya rufaa. Mwanaharakati Khelef Khalifa wa Mombasa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli ya SGR, wakanyamaziwa, wakaenda Mahakama Kuu. Serikali ilijitetea kwa kutaja sheria ya siri za serikali na vipengele vya usiri vilivyomo kwenye mikataba, na mwezi wa Mei 2022 Jaji John Mativo aliikataa hoja hiyo na kuamuru mikataba itolewe. Mwezi wa Novemba mwaka huo Waziri wa Barabara na Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, aliweka hadharani sehemu ya hati hizo.

Kukataliwa kunakotokea sana, hata hivyo, ni kunyamaziwa. Siku 21 zikipita bila jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa, na huhitaji kusubiri barua nyingine. Hapo unaipelekea malalamiko Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30. Ambatisha nakala yenye mhuri, barua zozote za ukumbusho na maelezo mafupi ya tarehe. Ukurasa mmoja unatosha. Tume ina uwezo wa kuwaita maafisa, kuamuru habari zitolewe na hata kupendekeza fidia ilipwe, na asiyeridhika na amri yake ana siku 21 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Baadhi ya waombaji huogopa kwamba kwenda kwenye Tume ni kutangaza vita na ofisi ya nyumbani kwao. Kwa maoni yangu woga huo ni mkubwa kuliko inavyostahili, kwa sababu mara nyingine barua moja ya Tume humpa afisa mnyonge ruhusa aliyokuwa akiitafuta ya kuifungua kabati ambayo mkubwa wake hakutaka ifunguliwe.

Ukiambiwa kwamba faili imepotea, usiondoke. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndiyo sababu sheria inazitaka ofisi zitunze rekodi zake kwa utaratibu na kuziingiza kwenye kompyuta, tena inafanya kuwa kosa kuharibu, kubadilisha au kuficha rekodi kwa nia ya kumnyima mtu haki ya kuzipata. Omba uandikiwe ni lini faili ilionekana mara ya mwisho na ilikuwa mikononi mwa nani. Kisha kumbuka kwamba hati za serikali huwa na nakala mahali pengine: vocha inaweza kuwa kwa wakaguzi wa hesabu, mkataba kwa mwanasheria wa kaunti, ripoti katika kamati ya bunge la kaunti.

Hati zikifika, zihesabu kabla ya kutia sahihi ya kuzipokea. Linganisha nambari za kurasa, angalia kama viambatisho vilivyotajwa ndani ya mkataba vimo, na utazame sehemu zilizofutwa kwa wino mweusi ili ujue kama umepewa sababu ya kila moja. Pungufu yoyote iandike kwenye nakala ya hati ya makabidhiano, mbele ya afisa, kisha siku hiyohiyo andika barua fupi yenye nambari ileile ya kumbukumbu ukitaja kurasa zinazokosekana, kwa kuwa kupewa hati pungufu kwa madai kwamba zimekamilika nako ni uamuzi ambao Tume inaweza kuupitia upya.