Kuchagua na Kuchanganya Nyuzi za Sweta la Kufuma kwa Mkono

Rangi iwe ya mwisho. Nyuzi mbili zinazopendezana mezani zinaweza kugombana siku ya kwanza sweta likifuliwa: moja inarudi, nyingine inalegea, na pale zilipokutana kitambaa kinajikunja. Kwanza soma lebo ya kila bonge ujue mambo matatu: uzi ni wa nini, una mita ngapi kwa uzito wake, na unafuliwaje.

Sufu ndiyo inayomsamehe mfumaji. Ukiivuta inarudi, hivyo kingo za mikono na za kiuno hubana zenyewe, na vitanzi visivyolingana hujipanga baada ya kufua. Adui yake ni maji ya moto na kusuguliwa: hushikamana ikawa nzito kama blanketi, na ikishafika hapo haifumuki tena. Sufu iliyoandikwa kwamba inafuliwa kwa mashine haishikamani kirahisi, lakini ikilowa hurefuka, kwa hiyo usiitundike mbichi. Pamba haina mnyumbuko na ni nzito. Sweta zima la pamba nene hushuka kwa uzito wake lenyewe. Alpaka, uzi wa manyoya ya mnyama wa Amerika Kusini, ni laini na ya joto, ila nayo huning'inia, na ndiyo maana hupendeza zaidi ikichanganywa na sufu. Akriliki, uzi wa kiwandani usiotokana na mnyama wala mmea, hufuliwa bila shida, lakini usiiguse kwa pasi ya moto: hulala, hung'aa, na hairudi ilivyokuwa.

Ukiwa na bonge mkononi, sugua uzi kwa kidole gumba mara ishirini hivi. Ukitoa manyoya mapema, sweta litaota vipele, yaani vidonge vidogo vya manyoya, kwapani na kwenye viwiko. Nyuzi zilizosokotwa kwa kulegea ndizo mbaya zaidi kwa hilo, japo ndizo laini kuliko zote dukani. Kisha uweke chini ya kidevu dakika chache. Ngozi ya kiganja haihisi uzi unaowasha. Ya shingo huhisi.

Unene usiupime kwa macho, upime kwa mita katika gramu 100. Takriban mita 400 ni uzi mwembamba. Mita 220 hadi 250 ni wa wastani, wa sindano za milimita 4. Mita 160 hadi 200 ni mnene, wa sindano za milimita 5. Ukitaka kufuma nyuzi mbili kwa pamoja, zidisha mita za wa kwanza kwa za wa pili, kisha gawanya kwa jumla yake. Chukua sufu ya mita 400 na moheri, uzi wa manyoya ya mbuzi wa Angora, ambayo bonge lake la gramu 25 lina mita 210, yaani mita 840 kwa gramu 100. 400 × 840 ni 336,000. Gawanya kwa 1,240 upate kama 271. Kwa hesabu huo uko karibu na uzi wa wastani, ila manyoya ya moheri hujaza nafasi, kwa hiyo jaribu sindano kubwa kidogo.

Hapa ndipo wengi hukwama katikati ya mkono wa pili: ukifuma nyuzi mbili pamoja, kila uzi unahitaji mita zote za sweta, si nusu. Kama sweta linataka mita 1,200, nunua mita 1,200 za sufu na 1,200 za moheri. Jambo jingine, uzi unaovutika ukiambatana na usiovutika, kama sufu na pamba, mkono ukivuta mmoja kuliko mwingine ule uliolegea hutokeza vitanzi juu ya kitambaa. Na moheri ikikosewa, kufumua ni tabu, nenda taratibu.

Kipande cha majaribio hakikwepeki. Fuma mraba wa sentimita 15, ufue kama utakavyofua sweta, uukaushe ukiwa umelazwa, ndipo upime sentimita 10 za katikati. Pembeni pasihesabiwe kwa sababu vitanzi hupindika. Tuseme maelekezo ya sweta yanataka vitanzi 22 kwa sentimita 10, na mzunguko wa kifua ni sentimita 100: hivyo ni vitanzi 220. Wewe ukipata 20 tu, vitanzi hivyohivyo vitakupa sentimita 110. Tumia sindano nyembamba zaidi, urudie. Kama ni pamba au alpaka, ubane mraba juu kwa vibanio ukae usiku kucha, uone umeshuka kiasi gani.

Sasa rangi. Piga picha ya mabonge kwa nyeusi na nyeupe. Yakitokea kijivu kilekile, maua utakayofuma hayataonekana, hata kama moja ni jekundu na jingine kijani. Nyekundu na buluu iliyokolea zijaribiwe kwa kufunga uzi uliolowa kwenye kitambaa cheupe mpaka ukauke. Ukichuja, usiuweke jirani na nyeupe. Kisha linganisha namba ya bechi, yaani ya mkupuo mmoja wa kutiwa rangi, kwenye lebo zote. Zikitofautiana, fuma mistari miwili kutoka bonge moja na miwili kutoka la pili tangu mwanzo, maana bechi ikibadilika ghafla katikati ya kifua, mpaka wake utaonekana wazi.