Jinsi ya kuijua hadithi iliyomo kwenye mchoro wa zamani wa Ulaya kabla hujasoma kibao

Wengi tukisimama mbele ya mchoro wa miaka ya 1500 au 1600 tunaanza na sura, huyu mzuri, yule kakasirika, alafu tunasoma jina kwenye kibao cha pembeni na kuondoka. Mimi nashauri anza na vitu. Sura haikupeleki mbali kwasababu mchoraji angeweza kumchukua mtu yeyote aliye karibu nae akamfanya Petro au Venus, ila kitu kilichoshikwa mkononi, mnyama aliyelala miguuni, chombo kilichoachwa kwenye kona, hivyo vimewekwa makusudi ili mtazamaji ajue anaangalia hadithi ipi. Kwahiyo jiulize hivi kila mara: kama huyu angekuwa mtu wa kawaida tu, ni kitu gani hapa kingekuwa hakina kazi? Ukishakipata hicho umeshika mlango.

Tuanze na kichwa kilichokatwa maana kipo kwenye michoro mingi mno. Kijana mdogo, kichwa kikubwa chenye jeraha kwenye paji la uso, huyo ni Daudi na Goliathi, haisumbui. Wanaosumbua ni wanawake wawili. Kuna Yudithi, mjane aliyeingia kwenye hema la jemadari Holoferne, akasubiri mpaka pombe imemlaza akamkata kichwa kwa upanga wake mwenyewe, na kuna Salome, binti wa Herodia, aliyecheza mbele ya Herode alafu akaomba kichwa cha Yohana Mbatizaji. Angalia mkononi. Upanga, na pembeni mtumishi wa kike mwenye mfuko, huyo Yudithi. Sinia, huyo Salome. Kwenye mchoro wa Caravaggio ulioko Palazzo Barberini, Roma, upanga bado uko shingoni na yule bibi mtumishi ameshakamata kitambaa kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anasubiri kichwa kidondoke, yani kile kitambaa peke yake kinatosha kukuambia ni nani.

Sasa kuna mchoro wa Francesco Maffei, Muitaliano wa karne ya 17, uko Faenza, ndani yake mwanamke ana upanga NA kichwa kiko kwenye sinia. Ulikuwa unaitwa Salome. Mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky hakubahatisha, alienda kuangalia wachoraji wengine walikuwa wanafanyaje, akakuta Yudithi mwenye sinia wapo, Ujerumani na kaskazini mwa Italia, lakini Salome mwenye upanga hakumpata. Akasema huyu ni Yudithi. Napenda sana njia yake na wewe unaweza kuifuata: ukikwama kwenye mchoro mmoja tafuta mingine ya hadithi hiyohiyo uilinganishe, kwasababu wachoraji walikuwa wanarithishana vitu.

Kundi la pili linalochanganya ni wanawake wanaooga. Hapo tafuta nani anachungulia. Wazee wawili wamejificha bustanini, huyo ni Susana, mwanamke wa kwenye Biblia, na kwenye ule wa Tintoretto ulioko Vienna mmoja yuko mbele kabisa chini kushoto, upara unang'aa, kalala chini anachungulia kwenye pembe ya ua, na mwenzie yuko kule mwisho wa ua huohuo, ukipita haraka unaweza usimuone kabisa. Kijana mwenye mbwa wa kuwindia amefunua pazia, huyo ni mwindaji Actaeon kamkuta Diana, mungu wa kike wa uwindaji, na uthibitisho uko juu ya kichwa cha Diana, mwezi mwandamo mdogo. Kwenye ule wa Titian wa 1556 hadi 1559 ifungue kwenye simu, vuta picha kwa vidole mpaka uone nguzo ya katikati, kuna fuvu la paa dume lenye pembe limewekwa juu yake. Actaeon hajui kitu bado, amesimama na mkono juu kwa mshangao, lakini muda si mrefu Diana atamgeuza paa na mbwa wake mwenyewe watamrarua, na Titian ameshaiweka habari hiyo pale juu kabla haijatokea.

Na kama hakuna anayechungulia? Angalia mkono tena. Rembrandt mwaka 1654 alichora mwanamke amekaa uchi, mtumishi anamhudumia miguu, mkononi ana barua. Huyo ni Bathsheba, mke wa Uria, mchoro uko makumbusho ya Louvre, Paris. Mfalme Daudi hayupo popote. Ukifungua 2 Samweli 11 utaona Daudi alituma wajumbe wamlete, barua inayotajwa pale ni ile aliyobebeshwa Uria mwenyewe kwenda kuuawa vitani, kumbe ile ya mkononi mwa Bathsheba imeongezwa na wachoraji ili uone kwamba mfalme ameshaita na yeye anawaza afanyeje. Mimi huo uso wake siumalizi kuuangalia.

Miungu ya Wagiriki na Warumi ni rahisi zaidi, unakariri tu. Tai na radi ni Jupiter, tausi ni Juno, mkuki wa meno matatu ni Neptune, kofia au viatu vyenye mabawa ni Mercury, kofia ya chuma kwa mwanamke ni Minerva, ngozi ya simba na rungu ni Hercules, majani ya mzabibu kichwani ni Bacchus. Watakatifu nao hivyohivyo: funguo ni Petro, gurudumu ni Katarina, mishale mwilini ni Sebastiano, simba na mzee anayesoma ni Yeronimo, chupa ya marhamu ni Maria Magdalena. Hii orodha iandike kwenye simu, wiki mbili tu itakuwa imekaa kichwani.

Jina la kwenye kibao nalo usilichukulie kama neno la mwisho. Mwaka 1573 Veronese alichora Karamu ya Mwisho kubwa sana kwa ajili ya watawa wa Venice, akajaza humo askari wa Kijerumani, mchekeshaji mwenye kasuku, mtumishi anayetokwa damu puani, akaitwa kwenye baraza la kanisa ajieleze na akaamriwa aurekebishe. Alichofanya ni kubadilisha jina, ukawa Karamu nyumbani kwa Lawi, na mpaka leo unaitwa hivyo.

Alafu soma hadithi yenyewe, sio muhtasari. Kwa miungu chanzo kikubwa ni mshairi wa Roma, Ovid, kitabu chake cha Metamorphoses, wachoraji walikitumia sana. Kwa Biblia tumia ya Kikatoliki maana Yudithi, Tobiti na habari ya Susana (Danieli 13) zimo humo, kwenye nyingi za Kiprotestanti utazitafuta usizione. Ukishasoma, rudi kwenye mchoro utafute mchoraji kabadilisha nini, hapo ndo penye utamu wote.

Jaribu na ule wa Icarus, kijana aliyeruka na baba yake kwa mabawa ya manyoya na nta akaanguka baharini, ulioko Brussels, umepewa jina la Bruegel ingawa wataalamu wengi wanaona ni nakala ya kazi yake. Ovid anasema mvuvi, mchungaji na mkulima waliwaona baba na mtoto wakiruka angani wakastaajabu, wakadhani ni miungu. Kwenye mchoro wote watatu wapo. Mkulima kainamia jembe lake, mchungaji anaangalia juu lakini upande mwingine, mvuvi yuko na kazi yake pale ukingoni. Sasa shuka kulia chini, kati ya meli na mvuvi, utaona miguu miwili inazama, na manyoya machache bado yanaelea hewani.