Kutengeneza mshumaa wa handaki kama wafanyavyo raia wa Ukraine

Tangu uvamizi wa Urusi wa Februari 2022, raia wa Ukraine hukusanya makopo matupu na mabaki ya mishumaa, wakawatengenezea askari moto wa kuota na kupashia chakula mahandakini. Kazi ni nyepesi, ila uzembe mdogo humdhuru yuleyule unayetaka kumsaidia.

Osha kopo la bati, bandua karatasi yake, likaushe kabisa. Maji yakibaki ndani, nta ya moto huruka. Kata boksi la kahawia lenye mawimbi kuwa vipande virefu, upana wake uwe pungufu ya kimo cha kopo kwa sentimita 1 hivi. Mawimbi yasimame wima, maana nta hupita humo. Boksi lenye rangi za kung'aa liache, linatoa moshi mbaya. Vikunje kwa mzunguko hadi kopo lijae. Vikilegea, moto huwa mkubwa na nta huisha upesi. Vikibanwa mno, nta haipenyi. Katikati chomeka kipande cha boksi kiwe utambi, kichomoze sentimita 1 au 2.

Nta iyeyushie kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Mimina kidogo, ngoja boksi linywe, ongeza. Igande kabisa kabla ya kufungasha.

Andika maelekezo kwenye kila mzigo: mshumaa huzimwa kwa kufunikwa na bati, si kwa maji, na handaki lazima lipitishe hewa, kwani moto huu hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu.